Soseji za nyumbani na hotdogi za kuuza hapa Dodoma, hatua kwa hatua (na kwanini mbwa wangu hapewi hata kipande)

Kila jioni pale kibandani lazima mtu aniulize, dada hizi soseji unanunua wapi mbona sio kama zile za dukani, nikimwambia natengeneza mwenyewe jikoni kwangu Nkuhungu anacheka anadhani namficha. Basi leo naandika yote kwa mkupuo maana nimechoka kuelezea huku nageuza soseji na watu wamesimama wananiangalia. Na mwishoni nitamwongelea Behewa, yule mbwa mrefu mnayempiga picha, kwasababu nusu ya maswali siku hizi ni yake.

Kabla hujaenda buchani shika neno moja: baridi. Watu wanafikiri siri ya soseji ni viungo, mi mwenyewe nilifikiri hivyo mpaka nilipoharibu kilo tatu za nyama siku moja. Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, na mnaujua mwezi wa kumi na moja wa Dodoma kabla mvua haijaanza, bati linatoa mlio, mi niko jikoni saa saba mchana nakanda nyama kwa mikono mitupu huku nasikiliza redio, naona rojo linang'aa mafuta nikajua ndo limekolea. Nikajaza, nikachemsha, nikakata ya kwanza. Ndani kama mchanga wa korongoni, inamong'onyoka, kavu, na mafuta yote yako kwenye sufuria yanaelea juu ya maji. Tulikula ile kitu na ugali karibu wiki nzima na hamna aliyeniuliza nitatengeneza tena lini.

Baadae ndo nikaelewa kilichotokea. Nyama ukiitia chumvi ukaikanda, protini zake zinaachia na kuwa kama gundi, na hiyo gundi ndo inayashika mafuta na maji yasitoke wakati wa kupika. Sasa mafuta yakianza kuyeyuka kabla gundi haijayazunguka, imekula kwako, hata ukande mpaka usiku hayarudi. Wenye viwanda hawaruhusu rojo lipite nyuzi joto 12 hivi. Kama huna kipimajoto tumia mikono: ukikanda vidole viwe vinauma kwa baridi. Ukiona mikono imestarehe, simama hapohapo, rudisha friza.

Kwahiyo ratiba yangu naanza saa kumi na moja alfajiri. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane na ule upepo wetu hata saa mbili asubuhi bado unaweza, ila mwezi wa kumi na wa kumi na moja jua likishatoka tu acha.

HATUA YA KWANZA, NYAMA

Ng'ombe wetu huku kati, hawa wa kienyeji wenye nundu, wanatembea sana kutafuta maji na majani, kwahiyo nyama yao ni nyekundu na haina mafuta mengi, kwa supu ni balaa, ila soseji bila mafuta inakuwa kama raba. Unatakiwa robo ya uzito iwe mafuta. Mi siku ya kwanza nilimwambia muuza bucha, "Kaka nipimie steki ya mkono robo tatu, na mafuta ya kidari robo." Akaniangalia. "Mafuta matupu dada? Wenzako wanagombana nami niyatoe." Nikamwambia ni ya soseji, akasema "Soseji si zinatoka kiwandani?" na akanipa yale mafuta bure. Siku hizi ananiuzia, ashajua.

Mafuta ya figo usichukue, yale magumu yanayovunjikavunjika, ukila soseji ikishapoa yanaganda juu ya ulimi kama mshumaa.

Wajerumani wenyewe soseji zao za Frankfurt ni za kitimoto. Kuna mchinjaji mmoja, Johann Georg Lahner, alijifunza kazi Frankfurt akahamia Vienna, na mwaka 1805 akaanza kuchanganya nguruwe na ng'ombe. Mpaka leo Vienna wanaiita soseji ya Frankfurt, ukienda Frankfurt wanaiita ya Vienna, kila mtu anamsukumia mwenzie. Mi natumia ng'ombe tu iliyochinjwa halali, wateja wangu Waislamu na Wakristo wote wanakaa benchi moja na sitaki mtu aanze kuuliza uliza chuma hiki kiligusa nini jana.

HATUA YA PILI, UTUMBO (hapa ndo wengi wanakimbia)

Ngozi ya soseji nzuri ni utumbo mwembamba wa mbuzi au kondoo. Ndo unaotoa ule mlio wa "tap" ukiing'ata. Ongea na wanaochinja mbuzi, mi nilianzia mnada wa Msalato, pale mbuzi wanavyochomwa siku ya mnada utumbo haukosekani, unamwambia mtu mapema akuwekee ule mwembamba, usikatwekatwe. Wa mbuzi mmoja unapita mita kumi, na kilo moja ya rojo inataka kama mita tatu na nusu tu, kwahiyo mmoja unakutosha siku kadhaa.

Ukiufikisha nyumbani usiukalishe. Minya uchafu wote utoke, pitisha maji mpaka yatoke meupe. Alafu unaugeuza ndani nje, na hapa kuna ujanja: kunja mdomo wa utumbo kama unavyokunja soksi, ule mkunjo ufungue kwa vidole viwili uwe kama kikombe kidogo, mimina maji humo, maji yenyewe yanauvuta unageuka sentimita kwa sentimita mpaka mwisho. Mara ya kwanza niliona kama mazingaombwe. Nilikuwa natumia kijiti na nautoboa kila mara.

Ukishageuka ulaze kwenye ubao, chukua MGONGO wa kisu, sio makali, uparue taratibu huku umeushika kwa mkono mwingine. Utelezi unatoka, unatoka, unadhani hautaisha. Unaparua ndani na nje mpaka unabaki utando mwembamba unaoona vidole vyako upande wa pili. Watu wengi wanaacha nusu njia alafu wanalalamika soseji inanuka zizi. Loweka kwenye maji ya chumvi na limao saa nzima, suuza, alafu weka mdomo wa utumbo kwenye bomba ufungue maji kidogo, penye tundu utaona yanaruka, kata hapo. Unaobaki upake chumvi nyingi, weka kwenye chupa ya mdomo mpana, friji, unakaa wiki nyingi tu. Siku ya kutumia loweka nusu saa kwenye maji ya uvuguvugu.

Kama utumbo huuwezi (sikucheki, wifi yangu mpaka leo akiniona na ubao anahama nyumba) tumia naironi ya jikoni ile iliyoandikwa inavumilia moto. Unaviringisha rojo humo kama mshumaa, unafunga huku na huku kwa uzi, unachemsha, ikipoa unaivua. Hata za viwandani zisizo na ngozi ndo hivyohivyo, zinapikwa ndani ya kitu alafu kinavuliwa. Mlio wa tap hamna lakini.

HATUA YA TATU, KUSAGA

Kata nyama vipande vya ukubwa wa dole gumba, mafuta yatenge pembeni, sambaza kwenye sinia weka friza dakika 40, kingo ziwe ngumu ila katikati kisu kinapita. Chuma cha mashine ya mkono nacho friza, kisu chake na ule mzunguko wote. Saga nyama, saga mafuta, changanya, rudisha friza robo saa, saga tena kwa tundu dogo.

Ukisagia buchani beba kidumu chako cha barafu na uwe wa kwanza asubuhi, kabla mashine haijapata moto na kabla haijasaga vitu vya watu wengine.

HATUA YA NNE, ROJO

Kwa kilo moja (robo tatu nyama, robo mafuta):

chumvi gramu 17, ni kama vijiko vitatu vya chai vya kufuta sio vya mlima
barafu iliyopondwa kikombe kimoja cha chai, gramu 150 hivi
maziwa ya unga vijiko viwili vya chakula
pilipili manga kijiko cha chai
giligilani ya unga nusu kijiko
kungumanga ya kukwangua kidogo tu, robo kijiko, ukizidisha inakuwa keki
kitunguu swaumu cha unga nusu kijiko
paprika kijiko kimoja kwa ajili ya rangi

Kitunguu maji kibichi usitie, kinatoa maji na kinachachusha haraka. Barafu tengeneza kwa maji uliyochemsha.

Weka sufuria ya nyama ndani ya beseni lenye barafu. Chumvi inaanza peke yake na nyama, kanda dakika mbili mpaka ivute, ndo unatia viungo, maziwa, barafu kidogo kidogo. Ukiwa na blenda nzuri saga kwa mafungu madogo sana, sekunde kumi kumi, maana injini inatoa joto na utajikuta umerudi kwenye yale yangu ya mwezi wa kumi na moja. Jua imekolea ukichota donge ukalibandika kiganjani ukageuza kiganja kikaangalia chini, na donge likabaki limening'inia. Likidondoka bado.

Alafu kaanga kipande kidogo cha ukubwa wa sarafu uonje chumvi. Ukishajaza kwenye utumbo hakuna marekebisho tena.

HATUA YA TANO, KUJAZA

Kama huna mashine ya kujazia nunua faneli MPYA, zile za kumiminia mafuta ya taa, yenye mdomo wa upana wa sentimita moja na nusu hivi. Mpya nimesema. Valisha utumbo wote kwenye mdomo wa faneli ukunjane kama mkono wa sweta, acha kipande kidogo kinaning'inia, funga fundo. Mmoja anasukuma rojo kwa mpini wa mwiko, mwingine anaachia utumbo taratibu na kushika unene. Usijaze ukakaza, acha ukibonyeza kiingie kidogo. Kila sentimita 15 unaminya na kuzungusha mara tatu, ya kwanza kwenda mbele, inayofuata kurudi nyuma, la sivyo unafunga hii unafungua ile. Ukiona kipovu cha hewa kitoboe kwa sindano. Kilo moja inanipa soseji 18 mpaka 20 za gramu 60.

Mdogo wangu wa kiume ndo anayesukuma. Tunagombana kila Jumamosi kuhusu spidi.

HATUA YA SITA, KUPIKA BILA KUCHEMSHA

Maji yawe na moto wa nyuzi 75 mpaka 80. Kwa macho: moshi unatoka, vipovu vidogo vimekaa chini ya sufuria, ila juu hapatokoti. Yakitokota ngozi inapasuka na mafuta yote yanahama. Jiko la mkaa ni sumbufu hapa, inabidi uchomoe vipande kwa koleo na uwe na maji baridi pembeni ya kuongeza, ndo maana hatua hii mi natumia gesi. Dakika 20. Kama una kipimajoto chomeka katikati, kikifika 74 toa, tumbukiza kwenye maji ya barafu dakika kumi ngozi ikaze.

Sasa utashangaa rangi, zitakuwa kahawia ya kijivu kama nyama ya kuchemsha, haziwi pinki. Ile pinki ya dukani inatoka kwenye nitriti, chumvi maalum ya kuhifadhia nyama, na hiyo inapimwa kwa mizani ndogo sana, ukikosea ni sumu. Mi situmii. Lakini ujue pia kazi yake sio rangi tu, inazuia vijidudu vya botulizimu (ugonjwa wa sumu kwenye chakula), na hilo jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini botulus, maana yake soseji, kwasababu Wajerumani wa miaka ya 1800 walikuwa wanakufa kwa soseji zilizohifadhiwa vibaya mpaka daktari Justinus Kerner akaanza kuuchunguza ugonjwa wenyewe. Kwahiyo bila nitriti usianze mambo ya kuzitundika juu ya moshi siku mbili kwa moto mdogo kisa umeona kwenye video. Pika, poza, friji, uza.

HATUA YA SABA, KUHIFADHI

Friji siku tatu mwisho. Friza mwezi mmoja au miwili. Nje ya friji saa mbili basi, na siku joto likipita nyuzi 32 ni saa moja tu. Mwaka juzi umeme ulikatika tukiwa msibani Kongwa, tumerudi kesho yake jioni friza imeshalia machozi mpaka sebuleni, soseji bado zina ubaridi wa mbali na mtu ananiambia zikaange tu moto unaua. Moto unaua vijidudu, sumu waliyokwisha kuitoa wengine hauiui. Nilichimbia zote. Siku hizi sijazi friza zaidi ya mauzo ya siku mbili.

HATUA YA NANE, KIBANDA

Hapa nitapita haraka maana kuuza kila mtu ana mtindo wake. Skonzi ndefu agiza kwa mwokaji siku hiyohiyo, mpe kipimo cha sentimita 15 la sivyo soseji inachungulia huku na huku. Soseji ishaiva kwahiyo kwenye mkaa unaipasha na kuipa alama tu, dakika nne tano huku unageuza, isipasuke. Skonzi nayo ipate moto upande wa ndani. Kachumbari ikamuliwe maji kwanza, mkate ukiloa hauliki. Chicago kule Marekani wanaweka haradali, kitunguu, tango la siki, nyanya, pilipili, na ukiwaomba tomato sosi wanakuangalia kama umetukana. Hapa Dodoma usipoweka tomato sosi na mayonesi hakuna mteja, na pilipili ya kukaanga iwe pembeni kila mtu ajihukumu mwenyewe.

Wanafunzi wa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) bumu, ile hela yao ya mkopo ya kujikimu, likitoka uza mbili mbili, bumu likikata tengeneza nusu kwa skonzi fupi. Gharama piga kwa soseji moja, sio kwa kilo: nyama, mafuta, utumbo, gesi, mkaa, skonzi, sosi, tishu, na muda wa mdogo wako, vyote gawa kwa 18 usigawe kwa 20, maana mbili lazima zipasuke.

Kapime afya na umwone afisa afya wa kata kabla hujaanza, na siku ukitaka kupaki na kupeleka madukani ujue mambo ya chakula yalihamishiwa TBS (Shirika la Viwango) toka mwaka 2019. SIDO, shirika la viwanda vidogo, nao wana mafunzo ya usindikaji.

Kwa mtoto chini ya miaka minne soseji usimpe nzima wala miduara, ule mduara unaziba koo lake kama kizibo. Pasua kwa urefu mara nne ndo ukate vidogo. Mi mama akija na mtoto napasua mwenyewe bila kuulizwa. Na mteja akija siku tano mfululizo namwambia leo kale maharage, kweli kabisa, maana shirika la utafiti wa saratani la WHO mwaka 2015 liliweka nyama za kusindikwa kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani, gramu 50 kila siku zinapandisha hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Soseji yangu moja ina gramu 60, piga hesabu. Ni chakula cha hamu.

SASA BEHEWA

Huyu ni dachshund. Aliachwa na jirani yangu aliyehamishwa kikazi, akasema dada nikuachie wiki mbili, na wiki mbili hizo zina miaka mitatu. Jina tumempa wenyewe, mji wa reli huu na yeye ni mrefu hivyo. Bibi yangu wa Kongwa alivyomwona mara ya kwanza alimzunguka kabisa, akauliza, "Mjukuu wangu, miguu mingine mmeiweka wapi?"

Jina lake kwa Kijerumani Dachs ni mnyama mchimba mashimo mwenye undugu na nyegere wetu, na Hund ni mbwa. Walimzalisha mfupi na mrefu aingie shimoni amfuate huyo mnyama mpaka chumbani kwake. Kwahiyo usije ukashangaa akichimba chini ya fensi, anafanya kazi aliyoajiriwa. Kuna wa manyoya mafupi, marefu, na magumu kama brashi. Kwa joto na vumbi la hapa chukua wa mafupi. Wajerumani wanampenda mpaka kwenye Olimpiki ya Munich 1972 kikatuni cha michezo kilikuwa mbwa huyu, kinaitwa Waldi, na njia ya marathoni ikachorwa kwa umbo lake, watu wamekimbia kilomita 42 kumzunguka mbwa.

Na ndo yeye aliyeipa hotdogi jina, kwa namna fulani. Wahamiaji wa Kijerumani walipeleka Marekani soseji zao na mbwa wao, soseji nyembamba ndefu zikaitwa kwa utani dachshund, na huku nyuma kulikuwa na maneno ya siku nyingi kwamba wenye soseji wanasaga mbwa. Mwaka 1895 wanafunzi wa chuo kikuu cha Yale kulekule Marekani walikuwa tayari wanaandika "hot dog" kwenye gazeti lao. Ile hadithi ya mchora katuni aliyeshindwa kuandika neno dachshund akaandika dog, tamu sana, ila hiyo katuni haijawahi kuonekana na mtu.

Kumtunza hapa Dodoma, kwanza mgongo. Jeni inayohusika na miguu mifupi inafanya na diski, zile laini zinazokaa katikati ya pingili za mgongo, zikauke mapema, karibu mmoja kati ya wanne au watano anapata tatizo la diski. Usimwache aruke kutoka kwenye kochi, tengeneza ubao wa kupandia. Kumbeba ni mikono miwili, mmoja chini ya kifua mwingine chini ya makalio, awe sawa kama unabeba trei la mayai, wale wateja wanaomnyanyua kwa makwapa nitawafukuza. Ukiona amejikunja mgongo, analia akishikwa, au anaburuza miguu ya nyuma, ni daktari wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Pili mbigili. Tumbo lake liko sentimita chache kutoka chini, akitoka tu anarudi na mbigili kumi, tumboni na katikati ya vidole. Mlaze chali, kibanio cha nyusi, tochi ya simu, kila jioni. Hapohapo unakagua kupe nyuma ya masikio. Saa za mchana mchanga unaunguza, mtoe asubuhi na jioni. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila mwaka bila kusahau.

Tatu ndo hii ya soseji. Siku moja nilifunga mlango vibaya akavuta kamba nzima ya soseji mbichi kutoka kwenye kiti, nimekuja kukuta mwisho wa utumbo unatoka mdomoni kama mtu anayekula tambi. Usiku mzima anatapika na kunywa maji, asubuhi tuko kwa daktari, drip. Vitunguu vya aina zote, hata swaumu ya unga, vinaharibu chembe nyekundu za damu za mbwa, chumvi ni nyingi mno kwa mwili wa kilo nane, na mafuta yale yanaweza kuchoma kongosho. Na hata asipougua, kila kilo anayoongeza inaning'inia kwenye ule mgongo. Pitisha vidole ubavuni, mbavu uzisikie bila kutafuta. Akinenepa punguza chakula, msimwonee huruma kwa yale macho.

Kwahiyo mnaokuja jioni msimrushie chini ya benchi, nawaona. Kuna kopo la karoti zilizokatwa pembeni ya tomato sosi, limeandikwa jina lake, mpeni hizo.